Chuma Kando ya Masale

Kikatiti,
11 Machi 2001

Mwanangu Agnela,

Salamu za nyumba nzima zikufikie huko Dar es Salaam, pamoja na za yule ng'ombe uliyekuwa ukimwita tasa. Amezaa, tena jike. Masika yameanza vizuri, migomba imesimama, na njia ya kupanda kwetu imekuwa uji kama unavyoijua. Mama yako mdogo Pudensiana ni mzima. Sasa anaimba kwaya mbili, ya usharikani kwangu na ya Wakatoliki wenzake, na zote mbili anazilalamikia.

Nije kwenye lililonikalisha mezani. Ile kompyuta uliyotuletea Krismasi ipo. Mama yako mdogo ameivalisha kitambaa cha kufuma, juu yake kaweka maua ya plastiki, na wageni wanakatazwa kuisogelea. Naona mashine ile inaonewa.

Sasa sikia. Kuna redio mpya ya FM mjini Arusha, imeanza kipindi cha Jumapili alasiri cha wapiga magitaa wa zamani wa huku kwetu. Nimekwenda kuwaona. Wakaniambia, "Mzee, karibu sana, tuletee rekodi." Nikawaeleza kwamba kanda za bendi yetu ya wafanyakazi zilikuwa kiwandani kule Themi, na mwekezaji alipokinunua kiwanda zilitupwa pamoja na mabango ya chama cha wafanyakazi. Wakasikitika sana, lakini bila rekodi hakuna kipindi, na mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini na moja Agosti. Nikaingia studio moja ya hapo mjini. Kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba akaniambia nimwimbie tu, gitaa atalipiga yeye kwa kinanda. "Siku hizi ndivyo inavyokwenda, mzee." Agnela, mimi! Solo la bendi nzima nilishika mimi! Nilitoka pale bila kuaga.

Nataka nirekodi mwenyewe, hapa hapa sebuleni. Gitaa ninalo na spika yake ninayo, ndivyo nilivyochukua badala ya kiinua mgongo. Niambie nitafute nini cha kuunganisha gitaa na kompyuta, cha bei ya mtu wa migomba na si ya mtu wa machimbo ya Mererani. Nina nyimbo sita. Watu waliozipiga pamoja nami nusu yao tumeshawazika, na mimi sitaki kwenda nazo.

Baba yako mdogo,
Elihuruma

Mwanangu, ni mimi Pudensiana, amenipa barua niibandike stempu. Hatakwambia, lakini kidole chake cha pete cha mkono wa kushoto kinakaza. Kila asubuhi anakiloweka kwenye maji ya moto ndipo kikubali kukunja. Daktari amesema mwaka huu kinakunja, mwakani hana hakika. Usikawie kujibu, na usimwambie nimesema.


Dar es Salaam,
29 Machi 2001

Baba mdogo na mama mdogo, shikamooni.

Sisi wazima, tunayeyuka tu. Huku joto halina adabu. Mama anawasalimu, anasema ndama huyo jike ni wake na anamtafutia jina. Kazini kwangu tunauza kompyuta siku hizi hadi kwa wauza samaki. Kila mtu anataka moja dukani hata kama hajui kuiwasha, ilimradi wateja waione.

Baba mdogo, nimecheka na nimekasirika. Huyo wa miwani ya jua tutamjibu. Lakini kwanza nakuomba, usinunue kitu chochote kabla hujaniambia. Vijana wa madukani wakimwona mzee na gitaa lake wanamuuzia meza nzima yenye taa za kumetameta, na wewe unahitaji vitu viwili tu.

Cha kwanza ni maikrofoni ya waya, ile ya kawaida ya kuimbia. Hata ya mtumba, hata iwe imegongwagongwa. Kaazime ya kwaya. Iweke karibu kabisa na kitambaa cha spika yako, si katikati, pembeni kidogo. Cha pili ni kisanduku cha kukuza sauti, kinachokaa kati ya maikrofoni na kompyuta. Hicho nimekupatia huku kwa mtu aliyekuwa akipiga muziki wa maharusi. Kimechubuka lakini nimekipima, ni kizima, na kitapanda basi Ijumaa. Waya wake uingie nyuma ya kompyuta kwenye tundu la buluu. Siyo la waridi, baba mdogo. La buluu.

Na tafadhali usichomeke gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta. Najua utajaribu. Ile spika yako ndiyo nusu ya sauti yako, ukiiruka tutarekodi mtu mwingine. Programu nimeiweka kwenye diski pamoja na maelezo. Kompyuta yenyewe isogeze nyuma ya mlango, maana feni yake inavuma. Na ile nguo yake ya kufuma ivuliwe, itaungua ndani kwa joto.

Mikono inaendeleaje na baridi ya masika?

Mwanao,
Agnela


Kikatiti,
6 Mei 2001

Mwanangu Agnela,

Tunashukuru Mungu tu wazima. Ndama ameshapewa jina na watoto wa jirani, wamemwita Mwekezaji kwa sababu anakula kila kitu na hatoi maziwa. Mwambie mama yako achelewe kidogo kuja na jina lake. Masika yametupa mahindi mazuri, na jirani yetu Mzee Ndesanjo amepona ile miguu, anatembea hadi barabarani.

Kisanduku kilifika salama. Kondakta alikifunga ndani ya koti lake, Mungu ambariki. Ndiyo, nilikuwa nimeshachomeka gitaa moja kwa moja kabla hakijafika. Usicheke. Ilitoka sauti ya nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Mama yako mdogo aliuliza kama hilo ndilo gitaa alilonipendea.

Sasa kwa vitu vyako viwili, mwanangu, sauti ni yangu! Nimeisikia mwenyewe ikitoka humo, nikairudia tena. Ndiyo ile ya ukumbi wa kiwanda siku ya mshahara. Lakini kuna tatizo. Chini ya gitaa kuna mvumo. Mmmmm, mchana kutwa, kama mzinga wa nyuki ukutani. Nimepunguza kila kitu cha kupunguza, bado. Halafu kuna kituko: nikishika nyuzi za gitaa unapungua, nikiziachia unarudi. Mama yako mdogo anasema gitaa linataka kushikwa, lisaidiwe. Mimi nasema kuna hitilafu. Mwamuzi ni wewe.

Mikono haina neno. Baridi tu.

Elihuruma


Dar es Salaam,
25 Mei 2001

Shikamoo baba mdogo,

Kwetu kuna habari moja kubwa. Dada Maulida, mpangaji mwenzetu, amejifungua mapacha, basi nyumba haina usingizi, na mama amekuwa bibi wa watoto wasio wake. Anafurahi kweli.

Mama mdogo yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wewe. Nyumba yetu ilijengwa kwa awamu, unakumbuka, na umeme ukavutwa kwa awamu. Nina hakika haina waya wa ardhini, ule mafundi wanaouita ethi. Umeme ule mdogo unaozagaa kwenye spika yako hauna pa kwendea, ndiyo unavuma. Ukishika nyuzi unapita kwako kwenda chini. Yaani sasa hivi waya wa ardhini wa nyumba ile ni wewe mwenyewe, na hilo silipendi hata kidogo.

Mwite Simel, yule fundi umeme wa pale barabarani, usifanye mwenyewe. Mchimbe shimo refu, mfukie nondo ya shaba urefu wa mtu, na pande zake zote mshindilie mkaa na chumvi, kisha mmwage maji mengi. Mkaa na chumvi vinashika unyevu. Chagua mahali penye unyevunyevu kuliko pote karibu na dirisha la sebule. Mvumo utanyamaza, utaona.

Baba mdogo, nakuuliza tena habari ya mikono.

Agnela


Dar es Salaam,
8 Julai 2001

Shikamoo baba mdogo,

Barua yangu ya Mei haijajibiwa. Nimemuuliza kondakta, anasema aliikabidhi mkononi. Mama anaota ndoto zake. Kama ni ugonjwa niambieni. Kama ni Simel kakuunguza na umeme, niambieni pia, nije nimshughulikie.

Mwisho wa Agosti si mbali.

Agnela


Kikatiti,
22 Julai 2001

Agnela,

Wazima. Hakuna aliyeungua. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira asiandikie watoto.

Nilifanya ulivyosema. Nikazunguka nyumba nikitafuta penye unyevu, na ardhi yote imekauka isipokuwa pale nyuma ya dirisha, kwenye masale, ile mimea ya mpaka wetu na Mzee Ndesanjo. Pale masale yanafunika, udongo wake hauishi maji. Simel akasema, "Mzee, hapa?" Nikamwambia chimba. Alichimba, nikashika nondo, tukashindilia mkaa, nikamwaga pakiti za chumvi, nikamwaga maji, na kwa furaha nikawa naimba kwa sauti ya chini.

Sasa jiweke wewe mahali pa Ndesanjo. Unachungulia upande wako, unamwona jirani amepiga magoti mpakani, anafukia chuma kirefu, anamwagia mkaa na chumvi, na ananong'ona. Na siku hizi vipande vya shamba vinauzwa kama nyanya, watu wanang'oa masale na kuyahamisha mchana kweupe. Kabla ya jua kuzama Kikatiti nzima ilikuwa inajua kwamba Elihuruma amezika uchawi wa kula shamba la jirani. Ndesanjo aliing'oa nondo kwa mikono yake na kuipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Mpaka leo iko rumande, nyuma ya pipa la mahindi la mwenyekiti. Wazee wa koo mbili watakaa Jumamosi tarehe kumi na moja Agosti.

Na hilo halinichomi kama hili. Jembe la Simel lilikata mzizi wa isale. Lile kubwa, alilolipanda babu yako. Limenyauka. Mama yako mdogo anasema kwa hilo nina kosa, uchawi au si uchawi, na ananiambia nichukue jani la isale nimpelekee Ndesanjo kuomba msamaha. Simpelekei! Nimpelekee isale mtu aliyeniita mchawi mbele ya watu?

Umeniuliza mara mbili, nakujibu mara moja. Kidole cha pete hakikunji. Zamani kilikataa asubuhi, sasa kinakataa hadi mchana. Gitaa liko ukutani, mvumo upo pale pale, na Agosti inakuja.

Elihuruma


Dar es Salaam,
30 Julai 2001

Shikamoo baba mdogo,

Leo sina salamu ndefu, nisamehe.

Kosa ni langu. Ni mimi niliyeandika "penye unyevu" nikiwa huku kwenye lami, nikasahau kabisa kwamba unyevu wa nyumba yetu uko kwenye masale. Mtoto wa Kikatiti mzima! Nimeona aibu hata kumsomea mama.

Lakini nitasema neno ambalo si la mtoto kumwambia mzazi, na unaweza kunichapa nikija. Nilipokuwa darasa la tatu nilivunja mtungi wa mama yake Ndesanjo. Nilikuambia mama huyo ameniita mwizi, kwa hiyo siendi. Ulinichumia jani wewe mwenyewe, ukanishika mkono hadi mlangoni kwake, ukaniambia jani la isale halipelekwi kwa sababu mwenzako ni mwema, linapelekwa kwa sababu mtungi umevunjika. Baba mdogo, isale limekatwa.

Nakupenda, na nataka kukusikia kabla kidole hakijakataa kabisa. Sitaki kuja kusimuliwa tu kwamba ulikuwa unajua kupiga.

Agnela


Kikatiti,
2 Septemba 2001

Mwanangu Agnela, mwanangu kweli!

Kaa chini. Mama yako yupo? Mwite naye akae.

Barua yako niliisoma mara moja nikaitia mfukoni, nikawa mkali kwa kila mtu kwa siku nzima, hadi Mwekezaji ndama alinikimbia. Asubuhi yake nikachuma jani. Nikafunga fundo kama alivyokuwa akifunga babu yako, nikaenda. Mama yako mdogo alinitazama kupitia dirishani hadi nilipovuka masale.

Ndesanjo alifungua mlango, akaona jani. Unajua mwenyewe, jani hilo mtu halikatai. Alilipokea, akasimama nalo. Nikamwambia, "Jirani, nimekata isale la baba yangu na baba yako. Hilo ni kosa langu. La uchawi si langu." Akasema, "Ingia." Tukanywa uji. Alipomaliza bakuli ndipo akauliza, "Sasa hicho chuma ni cha nini?" Nikamwambia maneno hayatoshi, tumwite Simel, tukachukue chuma rumande, na yeye Ndesanjo aje asikie mwenyewe.

Mwenyekiti alitutolea kwa sharti kwamba aje naye. Basi sebule ikajaa. Nikawasha spika bila kushika gitaa. Mmmmm. Ndesanjo akarudi nyuma. Safari hii tulikuwa tumeizika nondo upande wangu, hatua moja kutoka kwenye masale, Ndesanjo mwenyewe akiwa ameonyesha pa kuchimba. Simel akafunga waya. Mvumo ukakata! Agnela, kimya kile, nilisikia saa ya ukutani. Ndesanjo akasema, "Fungua tena." Mmmmm. "Funga." Kimya. Alimfanyisha Simel hivyo hadi kijana wa watu akaanza kulalamika. Halafu akakaa kwenye kiti changu, akaniuliza, "Wimbo ule uliotupigia siku ya harusi yangu na Hedwiga, bado unaujua?"

Hedwiga wake tulimzika mwaka juzi, unakumbuka. Niliupiga. Mzee yule alilia wazi wazi mbele ya mwenyekiti, na mimi nililia nikipiga, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Wazee wa koo mbili walipofika Jumamosi kuamua kesi walikuta mbuzi ameshachinjwa na isale jipya limepandwa pale pale palipokatwa, tumelishika wote wawili. Hapakuwa na cha kuamua. Walikula, wakasikiliza, wawili wakacheza.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Agosti ni kavu, ukiacha udongo ukauke tu mvumo unarudi. Basi Ndesanjo akajiteua mwenyewe kuwa mtu wa maji. Kila nilipoketi kurekodi alikuja na ndoo, akamwaga kwenye chuma, akasimama nje ya dirisha. Nikiharibu anatikisa kichwa. Tumemaliza zote sita! Wimbo wa harusi ndio wa kwanza, kwa masharti yake. Tukazihamishia kwenye kaseti kwa ile redio yetu kubwa, nikapeleka mjini siku mbili kabla ya mwisho.

Mtangazaji alivaa vile visikilizio vya masikioni, akafumba macho, halafu akauliza, "Mzee, hii umerekodi studio gani?" Nikamwambia, Studio ya Masale, Kikatiti. Akaandika! Kipindi chetu kinapigwa Jumapili ijayo. Na yule wa miwani ya jua alikuwepo pale, amekuja na kazi zake. Akaniuliza kwa heshima kabisa nimetumia kifaa gani kupata gitaa la namna ile. Nikamwambia, maikrofoni ya kwaya, kisanduku cha mtumba, na ndoo ya maji. Nikamwacha hapo.

Redio yetu haifiki kwenu, kwa hiyo nakutumia kaseti yako kwa kondakta yule yule. Isikilize hadi mwisho. Usiikate.

Baba yako mdogo,
Elihuruma


Dar es Salaam,
12 Septemba 2001

Baba mdogo, shikamoo. Shikamoo mama mdogo. Shikamoo Mzee Ndesanjo, naomba barua hii asomewe.

Jana sikuenda kazini. Nilimwambia bosi naumwa, na sikusema uongo mkubwa. Tulikaa chumbani, mimi, mama, dada Maulida na mapacha wake, tukaweka kaseti. Wimbo wa kwanza ulipoanza mama aliweka mkono mdomoni na hakuuondoa. Anasema ndivyo ukumbi ulivyokuwa, ndivyo kabisa, na kwamba baba yangu angekuwepo angesimama. Mapacha walilala, mara ya kwanza tangu wazaliwe. Maulida anataka nakala.

Wimbo wa tatu, kwenye lile solo la kupanda juu, nimekusikia. Unafika pale, kidole hakiji, na wewe unazunguka kwa chini kwa vidole vingine unatokea upande wa pili. Mtu asiyekujua atadhani ndivyo ulivyotungwa. Mimi nimekujua na nimelia. Ni mzuri kuliko ule wa zamani, baba mdogo. Kisikunje tena kama kinataka. Kimechelewa, nyimbo zote sita tunazo.

Na nimesikiliza hadi mwisho kama ulivyoniagiza. Wimbo wa sita umeisha, nyuzi zinalia hadi zinapotea, na hakuna mvumo. Hakuna kabisa. Kisha kwa mbali, dirishani, maji yanamwagika, na sauti ya mzee inauliza, "Jirani, nimemwaga. Inatosha?"

Na wewe unamjibu, "Inatosha, jirani."

Mama mdogo ameniandikia kwamba mtangazaji aliomba kipande hicho kikatwe na wewe ukakataa katakata, kwa hiyo Jumapili Arusha nzima imesikia. Anasema Mzee Ndesanjo alibeba redio yake hadi mpakani, akaiweka chini kati ya masale, na ilipofika sauti yake alivua kofia.

Mwanao,
Agnela